Funga Kitabu, Fungua Lango: Miaka ya Etiye Yeshi na Namba Zake Hai

Weizero (Bi) Yeshimebet Tirfe anastaafu tarehe 30 Sene 2017 kwa kalenda yetu ya miezi kumi na mitatu, baada ya kulitumikia Shirika la Wuha-Beret kwa miaka thelathini na mitatu na miezi tisa. Siku za Pagume, ule mwezi mfupi wa mwisho wa mwaka, hatukuzihesabu. Kila Pagume, wakati sisi wengine tumeshakwenda kutafuta kondoo wa Mwaka Mpya, yeye alikuwa bado mezani anakagua vitabu, na tukianza kumjumlishia hizo hatutamaliza leo.

Kwa wageni watakaosoma ukurasa huu: hapa Kality tunatengeneza malango ya chuma ya mabwawa, na kila lango huondoka na kitabu chake cha uendeshaji. Malango ni kazi ya karakana. Vitabu ni kazi ya Idara ya Vitabu, na Idara ya Vitabu, tusidanganyane, ni Etiye Yeshi, yaani dada mkubwa Yeshi kama tunavyomwita, na sisi tunaomzunguka. Mimi, Fikirte Asrat, nimemzunguka kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa lugha ya heshima na nisitie chumvi. Heshima nimeahidi.

Alikuja mwezi wa Tikimt 1984, mpiga chapa daraja la tatu, mwenye netela nyeupe, lile shuka letu jepesi la pamba, begani na daftari la buluu kwapani. Netela zimebadilika, daftari hadi leo ni la buluu. Enzi hizo injinia akiongeza kifungu kimoja katikati ya kitabu, vifungu vyote vilivyofuata vilibadilika namba, na mpiga chapa alirudia kurasa themanini. Injinia Gebeyehu Lemma, ambaye leo ni mkurugenzi wetu na wakati ule alikuwa kijana mwenye nywele, alipenda sana kuongeza vifungu. Wakongwe wanasema akionekana tu mlangoni na karatasi mkononi, Etiye Yeshi alikuwa anafunika mashine kwa kitambaa na kudai imeharibika.

Kompyuta zilipoingia mwaka 1990, wenzake walifurahia kufuta makosa bila wino mweupe. Yeye alifurahia jambo jingine. Aligundua kwamba programu ya kuandikia inaweza kuvipa vichwa vya habari namba yenyewe, na kwamba unaweza kulifunga rejeleo kwenye kichwa ili namba ikifuate kichwa popote kinapohamia. Akazipa majina, na majina hayo ndiyo tunayotumia mpaka leo. Ukiandika kwa mkono "fuata 5.3", hiyo ni namba maiti: vifungu vikihama, yenyewe inabaki pale pale, inaendelea kuwaelekeza watu kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Ukiifunga kwenye kichwa chenyewe, hiyo ni namba hai. Sharti lake moja tu, uiamshe: chagua maandishi yote, bonyeza F9. Asiyebonyeza F9 katika idara yetu hapewi kahawa, na nimeona watu wazima wakinyimwa.

Alikuwa pia na uadui na maneno mawili, "hapo juu". Mtu akiandika "kama ilivyoelezwa hapo juu", karatasi ilirudi na swali kwa kalamu nyekundu: "Juu wapi? Mbinguni?" Kijana mmoja wa umeme alijaribu kukwepa kwa kuandika "hapo chini". Akaulizwa kama anamaanisha kaburini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Mkurugenzi amesoma aya zinazofuata, akakuna kichwa, akasema ziachwe kama zilivyo. Namshukuru.

Mwaka 2000 tulikuwa tunamalizia kitabu cha bwawa la Tikur Wenz: kurasa mia tatu, marejeleo mia nne na kumi na mawili. Siku moja kompyuta ikawa inaganda kila Etiye Yeshi anapofunga rejeleo, na kazi inasubiriwa. Akaandika kumi na moja kwa mkono, akayawekea alama ya penseli kwenye daftari la buluu ili ayarudie. Siku ya kukabidhi, asubuhi, Injinia Gebeyehu akaja na karatasi mkononi. Mteja ametaka sura mpya ya usalama wa wafanyakazi, nayo iwe ya pili. Sura ya pili ikawa ya tatu, ya tano ikawa ya sita, kila kitu kikasogea hatua moja.

Mchana huo kahawa ilikuwa imetelekwa, kama kawaida yetu. Tulikunywa aboli, kikombe cha kwanza, tukanywa tona, cha pili. Etiye Yeshi alikuwa amepanga kufungua daftari lake baada ya kikombe cha tatu, kile cha bereka, maana mtu mstaarabu haondoki kabla ya kikombe cha baraka. Dereva wa kukipeleka kitabu akapiga honi nje.

"Etiye, kahawa itakuwepo kesho," Injinia akasema. "Mteja hatakuwepo."

"Bereka bado, Gebeyehu."

"Nitainywa njiani, kwa nia."

Injinia akacheka, Etiye Yeshi naye akacheka, akabonyeza F9. Marejeleo mia nne na moja yakaamka na kuhama. Kumi na moja yakabaki yamelala. Kitabu kikachapwa, kikafungwa, kikapanda gari.

Ukaja mwezi wa Nehase, katikati ya kiremt, msimu wetu wa mvua kubwa, na kiremt ya mwaka ule wakubwa wanaikumbuka. Saa tisa alasiri simu ya idara ililia. Mimi ndiye niliyeipokea. Sauti ya mwanamume, na nyuma yake maji yananguruma. Akaomba kuzungumza na aliyeandika kitabu. Nikampa Etiye Yeshi mkono wa simu, na sauti ya yule mtu ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia nikiwa nimekaa kwangu.

"Etiye, mimi ni Mulat, mtunza malango wa Tikur Wenz. Maji yamefika alama nyekundu. Kitabu chenu kinasema yakifika hapo nifuate 5.3. Nimefungua 5.3, inaniambia nifunge malango yote. Nifunge! Sasa niambie, mama, niamini kitabu au niamini macho yangu?"

Msije mkamwona Mulat, Gashe kama tunavyowaita wanaume wa kuheshimiwa, kuwa mjinga. Aliyemtangulia alifukuzwa kwa kufuata kichwa chake, na yeye alipoajiriwa alitia saini kwamba atafuata kitabu. Chini ya bwawa lile kuna Shinkurt Meda, vijiji vitatu na soko la vitunguu. Ukuta wa bwawa ni wa udongo, na udongo ukipitwa na maji juu yake hauombi radhi kwa mtu. Kifungu alichokitaka, cha kufungua malango ya dharura, kilikuwa kimehamia 6.3. Pale 5.3 sasa palikuwa na maelekezo ya kufunga malango yote kwa ajili ya ukaguzi wa kiangazi. Rejeleo lile moja, katika ukurasa wa mafuriko, lilikuwa namba maiti.

Etiye Yeshi hakuuliza mkubwa yeyote wala hakufungua faili. Alisema, "Funga kitabu, Gashe. Fungua lango."

"Lipi?"

"La dharura. Kwanza piga king'ora mara tatu, watu watoke mtoni. Halafu la kushoto, nusu. Halafu la kulia, nusu. Usilifungue lote kwa pupa. Umenisikia? Kushoto kwanza."

"Kushoto kwanza."

"Na simu usiikate. Iweke mezani, nenda, urudi uniambie."

Kifungu kile alikuwa amekipiga chapa mara nne, alikijua kama Baba Yetu. Tukasikia king'ora kwenye simu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha tukasikia maji tu. Etiye Yeshi alisimama na simu sikioni mpaka karibu saa kumi na mbili. Tulimletea kiti, akakisukuma kwa goti. Gashe Mulat alipokuwa akirudi mezani alisema neno moja moja: "Nusu." Au: "Bado." Mwishowe akasema, "Yameshuka, Etiye. Alama naiona." Shinkurt Meda walipoteza vitunguu na daraja lao la miti. Mtu hakupotea hata mmoja.

Alipoweka simu chini alijifunika uso kwa netela. Kisha akachukua daftari la buluu, akatafuta, akaweka kidole kwenye alama ya penseli. Akatuonyesha sote. "Hii ni yangu," akasema.

Wiki iliyofuata ikaandikwa taarifa kwa mteja. Rasimu ya kwanza ilisema mtunza malango alikosea kusoma mwongozo. Ilikuwa sentensi fupi, imekaa vizuri, na ingeliokoa jina la shirika. Injinia Gebeyehu alimletea Etiye Yeshi aichape.

"Ni mstari mmoja tu, Etiye. Mulat mwenyewe hatauona."

"Mwenyewe kasoma vizuri. Mimi ndiye niliyemwandikia vibaya."

"Unajua watakufanya nini?"

"Najua. Na wewe unajua ningemfanya nini yule mtu kama ningechapa hii? Angefukuzwa kwa kunipigia simu."

Akaandika taarifa yake mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, akataja marejeleo yote kumi na moja na kurasa zake, akasaini jina kamili. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mumewe alikuwa mgonjwa mwaka ule. Nasema hivi ili vijana wasidhani saini ile ilikuwa nyepesi. Alipewa barua ya onyo na miezi minne katika stoo ya makaratasi, chumba chenye dirisha moja na panya wasio na idadi. Gashe Mulat alibaki kazini kwake.

Waliompeleka stoo walidhani wamemwadhibu. Kulikuwa na kompyuta kuukuu huko, na ndiko Etiye Yeshi alikoifundisha mashine adabu.

Programu ya kuandikia, ukiiachia, inakupa rejeleo inavyotaka yenyewe. Mara nyingi inakupa namba tupu. Na kama kichwa chako kimeandikwa "Sura ya 6", inakuletea neno na namba pamoja, unajikuta umeandika "angalia Sura ya Sura ya 6" kama mtu mwenye kigugumizi. Ukiwa ndani ya sura ileile, inaweza kukufupishia namba ikidhani unajua ulipo. Etiye Yeshi aligundua kwamba nyuma ya kila rejeleo kuna maelekezo yaliyofichwa ndani ya mabano, na kwamba mabano hayo yanafunguka. Ukiongeza humo mkwaju wa kinyume, ule mstari mshazari unaolala nyuma, na herufi moja, mashine inatii. Herufi hii inaliondoa neno na kubakiza namba. Herufi ile inaleta namba nzima popote ulipo. Alizijaribu zote, moja moja, akiziandika kwenye daftari: herufi gani, imefanya nini, imeharibu nini. Mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, shiro, mchuzi wa unga wa dengu, siku za mfungo, na nilikuwa namkuta akiongea na kompyuta kama anavyoongea na mjukuu asiyetaka kuoga.

Alitoka stoo na kitu ambacho leo kila mtu hapa anakiona cha kawaida. Kwa kila kichwa alifunga marejeleo matatu bega kwa bega: la kwanza lilete namba, la pili lilete jina la kichwa, la tatu lilete ukurasa. Palipokuwa pameandikwa "fuata 5.3", sasa pakaandikwa: "fuata 6.3, Kufungua malango ya dharura, uk. 88." Namba ikidanganya, jina litaisuta. Akataka pia kila kichwa kianze na kitendo, kufungua, kufunga, kupaka mafuta, maana alisema injinia anatafuta namba lakini mtu aliyezungukwa na maji anatafuta la kufanya.

Mainjinia walilalamika. Vitabu vilinenepa kurasa ishirini, thelathini. Mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Etiye, hiki ni kitabu au ni orodha ya wageni wa harusi? Kila mtu na jina lake, na la baba yake, na kijiji chake!" Akamjibu, "Mwanangu, kwenye harusi ukikaa kiti kisicho chako unakosa nyama. Bwawani utakosa mguu." Malalamiko yalipungua.

Sisemi mashine haikumlipizia. Injinia mmoja alifuta kichwa kizima bila kumwambia, na marejeleo yaliyokuwa yamefungwa hapo yakabaki yatima. Kitabu kikamfikia mteja na maandishi meusi manene katikati ya ukurasa: "Kosa! Chanzo cha rejeleo hakikupatikana." Mteja akaandika barua ya kutusifu kwamba sisi ndio shirika la kwanza analolijua linalokiri makosa yake kwa maandishi. Barua ile Etiye Yeshi aliibandika ukutani juu ya jiko la kahawa, na bado ipo.

Jiko la kahawa ndilo lililobaki kuwa shule yake. Baada ya Tikur Wenz aliweka utaratibu ambao haumo kwenye kanuni yoyote ya shirika, na hakuna anayethubutu kuuvunja. Kitabu kikikamilika, tunakaa. Kwenye aboli, aliyeandika anafuata kila rejeleo kwa kidole, kutoka hapa mpaka kule, kwa sauti. Kwenye tona, anafuata mwenzake. Kwenye bereka, kitabu anapewa mtu asiyejua chochote kuhusu malango: mpishi, mlinzi, mara moja hata padri aliyekuja kubariki gari jipya. Akipotea huyo, kitabu kinarudi mezani na bisi za kusindikizia kahawa zinaondolewa. Padri alipotea kwenye 3.2, na tulirekebisha.

Injinia Gebeyehu alihudhuria kikao cha kwanza cha namna hiyo bila kualikwa. Alikaa kwenye kigoda, akanywa vikombe vyote vitatu, na honi ilipopigwa nje alimtuma mtu akamwambie dereva azime injini. Etiye Yeshi hakumdai zaidi ya hapo.

Kwa utaratibu huo ametoa vitabu mia moja na kumi na nane. Amefundisha watu arobaini na wawili. Mashirika mawili yameiga marejeleo yake bila kuomba, na alipoambiwa alisema afadhali waige hayo kuliko waige vitabu vyetu vya zamani.

Mwezi wa Ginbot mwaka huu, tulipokuwa tunaandaa toleo jipya la kitabu cha Tikur Wenz, alifanya jambo ambalo nadhani mtu asiyestaafu hawezi kulifanya. Alitafuta jina lake mwenyewe kwenye faili zetu. Lilitokea mara sitini na tatu. Kila mahali ambapo mmoja wetu alikwama, rasimu, vielelezo, maelezo ya pembeni, tulikuwa tumeandika maneno mawili: "Muulize Yeshi." Lango lisiposhuka licha ya kuachiwa, muulize Yeshi. Kichwa kikiwa na sehemu nne, muulize Yeshi. Mengi ya hayo yalikuwa mwandiko wangu.

Nilidhani atafurahi. Nilimwambia, kwa utani, kwamba huo ndio ukumbusho wake. Akavua miwani.

"Fikirte, mimi nilidhani nimewaachia kazi," akasema. "Kumbe nimewaachia mimi. Na mimi naondoka."

"Simu yako tunayo, Etiye."

"Na nikifa? Na nikiwa kanisani? Nikiwa kwa dada yangu Debre Sina na mtandao hakuna? Jina langu humu ndani ni namba maiti. Mimi nikihama, lenyewe litabaki pale pale, na siku moja mvua itamkuta mtu nalo."

Tulikuwa tunajua kiremt inaanza mwezi uleule anaoondoka, na kwamba kitabu kipya kitakuwa lindoni kwa Gashe Mulat kabla maji hayajapanda. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa niliogopa kweli. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu ambaye nyuma yake yupo Yeshi.

Alikataa sherehe hii ya kumuaga ipangwe kabla jina lake halijatoka lote. Kwa wiki sita tulikaa pamoja, yeye na mimi, tukiliondoa moja moja. Pengine jibu lilikuwapo kwenye kitabu tayari, tukafunga rejeleo: namba, jina, ukurasa. Pengine jibu lilikuwa kichwani mwake tu, akaniambia, nikaliandika likawa kifungu, likapata kichwa chake. Hakunichapia hata mstari. Nilipokosea mkwaju aliguna, nikarudia. Kufikia tarehe 20 Sene lilikuwa limebaki moja.

Lilikuwa kwenye ukurasa wa mafuriko. Niliandika mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita: "Kitabu kikisema hivi na macho yakisema vile, muulize Yeshi." Nikamwomba aniambie la kuandika.

"Hili silijui mimi," akasema. "Andika wewe."

"Wewe ndiye uliyemjibu Gashe Mulat!"

"Nilimjibu siku ile. Siku ijayo simu utaipokea wewe. Utamwambia nini?"

Nilikaa na sentensi ile siku tatu. Nikaandika nusu ukurasa, nikafuta. Nikaandika kwa lugha ya kisheria, nikajionea aibu. Mwishowe niliandika hivi: "Kitabu kikipingana na macho yako, amini macho. Piga king'ora mara tatu, kisha fuata 6.3, Kufungua malango ya dharura, uk. 88. Ukifanya hivi kwa nia njema, shirika litasimama nawe." Sentensi ile ya mwisho sikuwa na mamlaka nayo. Nikaipeleka kwa mkurugenzi nikitegemea itakatwa. Injinia Gebeyehu aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Akaweka saini pembeni yake, bila kuongeza kifungu.

Jana tumekaa kahawa ya mwisho ya kitabu kile. Aboli nilifuata mimi. Tona alifuata Etiye Yeshi. Kwa bereka tulivunja utaratibu, tukampa mtu anayejua: Gashe Mulat, aliyesafiri siku nzima kuja kwenye sherehe hii, na ambaye naye amebakiza mwaka mmoja tu kazini. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wa mafuriko, akaweka kidole kwenye rejeleo na kulifuata kimya mpaka ukurasa wa 88. Kidole kilipofika alikiacha hapo. Akasoma kichwa kwa sauti: "Kufungua malango ya dharura." Kisha akasema, "Ndipo hapa. Mimi nilikuwa napatafuta hapa." Etiye Yeshi, aliyekuwa anamimina kahawa, akamjazia yeye kikombe kwanza.

Nikabonyeza F9. Kisha, kwa amri yake, nikatafuta jina lake katika kitabu kizima. Mashine ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Etiye Yeshi akapiga makofi mara moja kama mtu aliyemaliza kufagia. Mimi nililia, nami sioni sababu ya kulificha hilo kwenye wasifu.

Gashe Mulat hakupiga makofi. Alimaliza kikombe chake, akatuangalia mmoja mmoja.

"Sawa, kitabuni mmemfuta," akasema. "Lakini pale lindoni, chini ya alama nyekundu, nilipaka namba yake ya simu kwa rangi, mwaka ule ule. Kila kiremt naipaka upya. Ile siifuti."

"Gashe, hiyo si namba hai," Etiye Yeshi akamwambia. "Nikibadilisha simu je?"

"Basi usibadilishe."

Tukangoja amkemee, maana kwa jambo dogo kuliko hilo watu wamenyimwa kahawa. Alikunja netela yake, akaikunjua. "Sitabadilisha," akasema.

Etiye Yeshi, kwa niaba ya karakana, ofisi na wote walio lindoni: asante kwa kurasa ulizorudia bila kunung'unika na kwa zile ulizorudia ukinung'unika. Asante kwa saini yako ya mwaka 2000, ambayo ndiyo sababu wengine wetu tunaogopa kusema uongo. Vitabu vyako tutavilinda, na bereka hatutaikimbia tena kwa honi ya mtu. Nenda Debre Sina kwa dada yako, ukae juani mlangoni, Mungu akupe miaka mingi yenye mvua za kiasi. Na simu yako ikilia kutoka Tikur Wenz, tunakuombea kila mara iwe ni Gashe Mulat anakusalimu tu.